Trekta kuunguruma nusu saa kila asubuhi: kagua thamostati kabla hujagombana na dereva

Mkuu, umeuliza kama dereva wako ana haki ya kuiacha Massey Ferguson 375 iungurume nusu saa kila asubuhi kabla ya kusomba viazi huko Njombe, huku dizeli inaisha na mshale wa joto umelala palepale. Nimeendesha trekta Njombe na Makete zaidi ya miaka kumi. Nusu saa ni nyingi mno, ila usimgombeze kwanza.

Dizeli haina cheche za plagi, inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa na pistoni. Asubuhi ya Julai, majani yakiwa meupe kwa barafu, kuta za silinda zinalinyonya lile joto, na mafuta mengine yanatoka bila kuungua. Ndiyo ule moshi mweupe unaochoma macho. Sasa ukiiacha kwenye sailensa, yaani iungurume polepole bila kukanyaga mafuta, inachoma mafuta kidogo sana, kwa hiyo haipati joto la maana. Dizeli isiyoungua inaosha oili kwenye silinda, inapita ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Mimi niliwahi kuchomoa kijiti cha kupimia oili nikakuta oili imepanda juu ya alama, nikafurahi kwamba injini hailambi oili. Kunusa, dizeli tupu!

Kukurupuka nako kuna bei yake. Kuna siku nilichelewa mzigo, nikapiga stata na resi papo hapo. Ndani kulikuwa na oili nzito ya namba 50 iliyoganda kama uji. Sili ya filta ikapasuka, oili ikaruka hadi kwenye tairi la mbele. Nilizima haraka, injini ikapona, lakini nusu siku ilipotea nikitafuta filta. Tangu hapo naweka oili ya 15W-40 tu, haigandi hivyo kwenye baridi.

Ninavyofanya: nageuza ufunguo kwenye nafasi ya kupasha, nahesabu sekunde 15 hadi 20. Kwenye mkono wa hewa, bomba linaloingiza hewa kwenye injini, kuna kikoili kinachopata moto na kuwasha dizeli kidogo, hewa inaingia ikiwa ya vuguvugu. (Wale wanaopulizia eteri, dawa ya kuwashia inayolipuka kirahisi, huku kikoili kina moto, Mungu anawapenda sana.) Nakanyaga klachi, napiga stata. Taa ya oili ikizima naweka mzunguko 1,000 hadi 1,200 kwa dakika, dakika 3 hadi 5, huku napandisha na kushusha mikono ya haidroliki, maana oili yake ndiyo ya giaboksi na yenyewe imelala na baridi. Moshi ukikata naondoka na tela tupu kwa gia ndogo. Injini inapata moto kwa kazi nyepesi kuliko kwa kusimama. Gunia za viazi zinapanda baada ya mshale kunyanyuka.

Sasa kilichonitia shaka kwako ni huo mshale. Mafundi wengi wakipata trekta inayochemsha wanang'oa thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye redieta mpaka injini ipate moto, "nchi ya joto hii, ya nini?" Labda Morogoro bondeni utavumilia. Njombe, bila thamostati maji yanazunguka kwenye redieta tangu sekunde ya kwanza, injini haifiki nyuzi 80 hata iungurume mpaka saa sita, na dereva anasubiri kitu kisichokuja.

Pima hivi: washa injini ikiwa baridi, shika mpira wa juu wa redieta. Thamostati ikiwepo, mpira unakaa baridi kwa muda, kisha unapata moto ghafla. Ukianza kupata vuguvugu polepole tangu mwanzo, haipo au imekwama wazi. Ukiikuta, izamishe kwenye sufuria ya maji jikoni uyapashe moto: nyingi zinaanza kufunguka karibu nyuzi 82, kabla maji hayajachemka. Isipokuwepo, nunua mpya pamoja na gasketi yake. Halafu muulize fundi aliyeitoa ilikuwa inachemsha kwa nini, maana huenda redieta imeziba na hakuisafisha.