Maswali na Majibu: Kuitia SSD Kompyuta Kongwe

SWALI: Assalaam alaykum, fundi. Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari hapa Wete, Pemba. Ninayo kompyuta mpakato niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ni ya mwaka 2013, ina prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha 4, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 4 na diski ngumu ya GB 500 ambayo nimeshaijaza kiasi cha GB 160. Nikiiwasha hunichukua dakika sita mpaka nilifikie faili la alama za wanafunzi, na siku hizi hukwama kabisa huku taa ya diski ikiwaka bila ya kuzimika. Betri ilikufa zamani, kwa hiyo naitumia kwa chaja tu. Fundi mmoja amenishauri ninunue kompyuta nyengine, mwengine amesema niitie SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka, badala ya diski ngumu. Nimsikilize nani? Na nikishaitia, nifanye nini isirudi kuwa nzito?

JIBU: Wa alaykumu salaam, Mwalimu. Nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu ndilo lenye haraka: zinakili leo hii alama za wanafunzi wako kwenye flashi au diski ya nje, kabla ya kununua chochote. Kukwama huko huku taa ikiwaka mfululizo huenda kukawa ni diski inayorudia kusoma sehemu moja iliyoharibika, na diski ya namna hiyo haitoi ahadi ya kesho. Ukishanakili, weka programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo na uitazame mistari mitatu: wenye alama 05, ambao huhesabu sekta (vijisehemu vya diski vya kuwekea data) mbovu zilizokwisha kubadilishwa kwa za akiba, C5, wenye sekta zinazotiliwa shaka, na C6, wenye zile zilizoshindikana kusahihishwa. Ikiwa yote ni sifuri, tatizo kubwa ni uzito tu. Ikiwa C5 inapanda siku hadi siku, usisubiri mwisho wa muhula.

Fundi wa pili amesema kweli, ila amesema nusu yake. Diski nyingi za kompyuta mpakato za wakati ule huzunguka mara 5,400 kwa dakika, maana yake mzunguko mmoja huchukua takriban milisekunde 11, na kila faili linapotakiwa kichwa cha kusomea hulazimika kusogea na kulingoja lipite chini yake. Windows inapoamka husoma maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika, kwa hiyo kompyuta yako ni kama karani anayepanda ghorofani kila akitakiwa karatasi moja. SSD haina kinachozunguka. Hulipata faili kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milisekunde, popote lilipo. Ndiyo maana tofauti huonekana zaidi katika kuwasha na kufungua programu kuliko katika kunakili filamu moja kubwa. Prosesa yako bado inatosha kabisa kwa kuandika, kujumlisha alama na kuandaa mitihani, na kununua kompyuta nyengine kongwe yenye diski ya aina ile ile ni kuuhamisha ugonjwa tu.

Nusu iliyosahauliwa ni RAM. GB 4 hujaa mara tu unapofungua kivinjari chenye kurasa chache, na ikijaa Windows huanza kuitumia diski kama RAM ya dharura. Kwa SSD hutauona uzito huo sana, lakini utakuwa unaiandikia diski bila ya sababu. Fikisha GB 8, na umwambie muuzaji kwamba kompyuta za kizazi chako cha prosesa hutumia RAM ya DDR3L, ile ya volti 1.35. DDR3 ya kawaida ya volti 1.5 inaonekana sawa kwa macho, lakini mara nyingi kompyuta huikataa.

Kuhusu SSD yenyewe, kwa kawaida kompyuta ya rika hilo huchukua ya inchi 2.5 yenye kiunganishi cha SATA. Utaonyeshwa nyengine nyembamba kama kipande cha ubani, zinazoitwa NVMe, na utaambiwa ni za kasi zaidi. Ni kweli, lakini hazina pa kuingia kwenye nafasi ya diski yako. Usilipie ziada kwa kasi pia, kwa sababu njia ya SATA yenyewe haivuki megabaiti 600 kwa sekunde. Diski ya zamani huenda ikawa na unene wa milimita 9.5 na mpya 7. Ikicheza ndani, ifungie kwa fremu yake ya plastiki, usijaze karatasi. Kwa GB 160 ulizonazo ningechukua GB 480 badala ya 240, na sababu nitaieleza mbele. Usishangae Windows ikikuonyesha 447: mtengenezaji huhesabu kwa elfu na Windows kwa 1,024, hujaibiwa. Aliyeibiwa ni yule anayeuziwa terabaiti kadhaa (kila moja GB 1,000) kwa bei ya chai na maandazi.

Kuhamisha kuna njia mbili. Diski ikiwa nzima, unaweza kuinakili nzima kwa waya wa USB wa kuunganishia SATA kisha ukabadilisha mahali pake. Ikiwa na sekta mbovu, sishauri hata kidogo, kwa kuwa kunakili kizima huilazimisha diski mgonjwa isome kila kona yake na unaweza kuiua katikati ya kazi. Chukua mafaili yako tu, kisha weka mfumo mpya kabisa kwenye SSD. Hapo patakuwa na uamuzi mwengine. Msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za Intel za kizazi cha 4. Kuna hila za kuilazimisha, nami nimezitumia, lakini kwa kompyuta inayobeba alama za watoto wa watu ningeweka mfumo wa Linux Mint badala ya Windows, pamoja na programu za ofisi za LibreOffice, ambavyo ni vya bure na hufungua mafaili ya Word na Excel, ijapokuwa mpangilio wa majedwali magumu huweza kuyumba kidogo.

Sasa nije kwenye betri, uliyoitaja kwa kupita ilhali mimi ndiyo iliyonisimamisha. Pemba inapata umeme kwa waya wa baharini kutoka Tanga tangu mwaka 2010, na umeme wa kisiwa, ukija kwa njia yoyote, hukatika. Kompyuta isiyo na betri huzimika papo hapo. SSD huweka ndani yake jedwali linaloonyesha kila kipande cha data kimelazwa wapi, na umeme ukikatika wakati jedwali hilo linaandikwa, huweza kuharibika. SSD za bei nafuu aghalabu hazina kapasita (vihifadhi umeme vidogo) za kuikinga hali hiyo. Nimeletewa zaidi ya moja iliyokufa hivyo, haionekani tena kwenye kompyuta, na kuokoa data ndani ya SSD iliyokufa ni vigumu kuliko ndani ya diski ngumu. Kwa hiyo bajeti yako ikiwa haitoshi kwa vyote, nunua SSD ya GB 240 na betri, uiache ile ya GB 480. Stebilaiza hutuliza umeme unaopanda na kushuka, lakini haikusaidii kitu ukikatika.

Kuitunza kasi si kazi kubwa. Acha wazi angalau sehemu moja ya tano ya diski, kwani SSD huhitaji nafasi tupu ya kupangia data upya kabla ya kuandika, na ikijaa sana huwa nzito. Hiyo ndiyo sababu niliyoiahidi ya kuchagua GB 480. Usiipange upya kwa programu za zamani za kukusanya vipande vya mafaili: kwa SSD hazina faida na huifanya iandikwe zaidi bure. Mfumo wenyewe hutuma amri ya TRIM kuiarifu diski vipande vilivyofutwa, wewe usiizuie. Punguza programu zinazojiwasha zenyewe. Kuhusu kuchakaa, usikose usingizi: kuna SSD za bei nafuu za GB 240 zilizopewa na mtengenezaji kiwango cha terabaiti 80 za kuandikwa, nawe ukiandika GB 10 kila siku ungehitaji zaidi ya miaka 20 kukimaliza.

Ukishaifungua kompyuta kwa kutia SSD, safisha na feni. Vumbi la kwetu huchanganyika na unyevu wa chumvi likawa kama tope kwenye mapezi ya kupoozea, prosesa ikapata moto na kujipunguzia kasi yenyewe, halafu lawama ikaangukia SSD mpya.

Diski ya zamani, ikiwa mbovu, usiifanye ya akiba wala usimpe mtu. Majina na alama za wanafunzi bado zimo hata baada ya kuzifuta. Ifungue, uzikwaruze sahani zake kwa bisibisi, ndipo uitupe.