Huru, lakini kwa miezi 12: majibu kuhusu Virginia

Maswali yanahusu sheria ya Virginia, Marekani, ya 1806, iliyomtaka mtumwa akishaachwa huru aondoke jimboni ndani ya miezi 12.

Iliwagusa weusi huru wote?

Hapana, ni walioachwa huru baada ya tarehe 1 Mei 1806 tu. Waliotangulia walibaki, ila tangu 1793 walipaswa kujiandikisha kwa karani: mjini kila mwaka, kaunti kila miaka mitatu. Karani aliandika umri, rangi, kimo, nani alimwacha huru na mahakama ipi. Nakala senti 25.

Miezi 12 ikipita?

Wasimamizi wa maskini wa kaunti waliweza kumkamata na kumuuza, fedha ziwafae maskini. Sheria ilitekelezwa kwa kusuasua, na wengi walikaa miaka bila kuguswa. Hapo ndipo penye ubaya: jirani akiweka kinyongo, kesi inafufuka.

Si wangevuka mpaka tu?

Waende wapi? Maryland ilifunga mlango 1807, Kentucky 1808. Ohio, isiyo na utumwa, ilidai dhamana ya dola 500.

Ruhusa ya kukaa iliombwaje?

Mwanzoni kwa Baraza la Kutunga Sheria mjini Richmond, kwa barua yenye saini za majirani weupe wakikutolea ushahidi wa tabia njema. Tangu 1816 mahakama za kaunti nazo zilisikiliza maombi, baada ya tangazo kubandikwa mlangoni.

Samuel Johnson wa Warrenton alipata ruhusa 1812. Akamnunua mkewe na watoto, kisha akaanza kuwaombea wao. Ombi baada ya ombi likagonga mwamba. Angewaacha huru bila ruhusa, ile miezi 12 ingeanza kuhesabiwa. Kwa hiyo kwa miaka mingi, kwenye karatasi, mume alikuwa bwana wa mkewe. Ukimkuta mweusi kwenye daftari la wamiliki wa watumwa, usikimbilie kumlaani. Mpango huo nao ulikuwa na hatari yake: mwenye familia akifa na madeni, wadai huhesabu familia kama mali.

Kuna walioomba kurudi utumwani?

Wapo. Mwaka 1856 jimbo liliweka hata utaratibu wa kujichagulia bwana. Mapema zaidi, 1813, Lucinda wa kaunti ya King George, aliyeachwa huru kwa wosia, alibaki wenzake walipopelekwa Tennessee. Mumewe alikuwa mtumwa wa William Hooe. Lucinda akaliomba Baraza limfanye naye mtumwa wa Hooe huyohuyo.