Mtoto anapomkimbilia bibi: ushauri wa aina gani unasaidia?

Assalaam aleikum dada. Umeeleza kwamba mwanao wa miezi 14 hulia kila unapomchukua kutoka kwa bibi yake, kwamba kila bamvua, yaani siku maji ya bahari yanapokupwa sana, unashinda pwani kwenye kilimo cha mwani, na kwamba jirani amekwambia umtenge na bibi ili akuzoee wewe. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Pemba, na kazi yangu kubwa ni kutembelea nyumba zenye watoto wadogo, hivyo naomba nikujibu kwa kirefu.

Nakuomba sana usimtenge. Mtoto mdogo anaweza kushikamana na zaidi ya mtu mmoja, na hilo lilionekana hapa hapa Afrika Mashariki: katika miaka ya 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifuatilia akina mama 26 wa Kiganda nchini Uganda pamoja na watoto wao, akakuta watoto wakiwa na mapenzi makubwa kwa mama na pia kwa jamaa wengine wa nyumbani. Kulia anapoachanishwa na mtu aliyemzoea ni hali ya kawaida ya umri wake.

Kuhusu ushauri, utaratibu ulioandaliwa na WHO na UNICEF unamtaka mhudumu atazame kwanza namna mama na mtoto wanavyoitikiana, kisha aulize: unacheza naye vipi, unamsemesha vipi? Husifu alichokiona, halafu ndipo hupendekeza mchezo unaolingana na umri, ukajaribiwa pale pale. Hapo kwenye kusifu ndipo penye kazi yenyewe. Mama mmoja aliniambia kwamba hana muda wa kucheza na mwanawe, na huku anasema hivyo mtoto alikuwa akigonga kifuu sakafuni na yeye akimjibu kwa kugonga ungo wake. Nilipomwonesha kwamba ule ulikuwa mchezo, na kwamba mtoto alikuwa akisubiri zamu yake kama watu wanaozungumza, aliacha kupepeta akaendelea naye kwa furaha ambayo hotuba yangu isingeweza kuileta. Mshauri anayeanza kwa kukutajia makosa yako, mimi simwamini.

Mkwe wako, yaani huyo bibi wa mtoto, naye awepo kwenye ushauri huo, na kwa heshima yake aulizwe yeye kwanza, kwa sababu ndiye anayejua mtoto hulala saa ngapi na hucheka kwa nini. Unaporudi kutoka pwani usimnyakue mtoto mikononi mwake. Kaa nao mkekani, msemeshe, mwache aje mwenyewe. Chukua kazi moja iwe yako kila siku, hata siku za bamvua, kama vile kumwogesha jioni. Asubuhi muage, hata kama atalia, maana ukiondoka kwa kujificha atakuwa anakuchunga muda wote ulipo.

Yapo mambo yanayohitaji kituo cha afya. Ikiwa mtoto hageuki anapoitwa au hatazami uso wa mtu, apimwe mapema, masikio yakiwamo. Na ikiwa wewe mwenyewe una huzuni isiyokwisha kwa wiki mbili au zaidi, hupati usingizi hata mtoto anapolala, au huoni raha ya kitu chochote, mweleze mhudumu wa kituo kama ulivyotueleza sisi; hayo ni maradhi yenye matibabu, na mama akipata nafuu huwa rahisi zaidi kwake kumwitikia mwanawe.