Binti yuko 507, bwanake 924: wamehama?

SWALI: Mhariri, salamu kutoka Kondele, Kisumu. Binti yangu ni nesi huko Rochester, Minnesota, Marekani, na laini yake miaka yote inaanza na 507. Juzi bwanake amechukua laini ingine inaanza 924, na wanaishi nyumba moja! Tena binti anasema akipigia jirani vile amezoea, mashine inamwambia arudie. Wamehama wakanificha ama ni wakora?
Mama Nesi, Kondele

JIBU: Hawajahama mama, tulia. Namba za 507 zilikuwa zinaelekea kuisha, so mwaka 2024 eneo lile lile la kusini mwa Minnesota likaongezewa namba ya pili ya eneo, 924. Mwenye 507 anabaki nayo, anayechukua laini mpya ndiye anaweza kuangukia 924.

Sasa hiyo mashine. Zamani mtu wa Rochester akipigia jirani alikuwa anaacha 507 na kubonyeza zile 7 za mwisho peke yake, kama vile mwenye simu ya mezani hapo Kisumu anampigia mwenzake bila 057. Lakini siku hizi 555-0142 inaweza kuwa ya mtu wa 507 na pia ya mwingine wa 924, sasa mitambo itajuaje unataka nani? Ndio maana lazima zote 10, hata kama unapigia nyumba ya ng'ambo ya barabara. Bei haipandi juu ya hiyo, na 911 ya dharura ni ile ile.

Wewe wa Kondele endelea tu na +1 halafu zile 10. Mwenye kazi ni binti, apitie namba alizoseivu bila 507 azirekebishe, na kama nyumba iko na alamu ya kujipigia kampuni ya ulinzi, hiyo watu husahau kabisa, alamu haielewi mashine ikiongea, itapiga na kupiga na simu haifiki.

Ya wakora nakuelewa, hata hapa Kenya laini za 010 na 011 zilipoingia 2019 kuna watu walikuwa wanaziangalia tu zikilia. Ila namba ya eneo haikuambii mtu ni mzuri ama mbaya. Ukipigiwa na 924 na sauti huijui, anataka pesa haraka haraka, kata, halafu umpigie binti kwa ile 507 yake umuulize.