Maswali na Majibu: Mbio za Barabarani kwa Waendesha Baiskeli wa Ridhaa

Barua nyingi tulizopokea safari hii zimetoka kwa wasomaji walioshiriki mbio za barabarani kwa mara ya kwanza au ya pili, wakarudi na maswali ambayo mazoezi ya peke yao hayakuwahi kuwazushia. Tumechagua barua tano. Mbili kati ya hizo zimefupishwa.

SWALI: Ndugu mwandishi, ninapoendesha peke yangu kwenye barabara tambarare ninaweza kudumisha mwendo wa kilomita 33 kwa saa bila taabu kubwa. Katika mbio nilizoshiriki, wastani wa kundi kubwa ulizidi mwendo huo kwa kiasi kidogo tu, na nilikuwa nimeambiwa kwamba kukaa ndani ya kundi ni kupumzika. Hata hivyo, niliachwa kabla ya kufika nusu ya safari. Inakuwaje? — Aliyeachwa

JIBU: Ndugu Aliyeachwa, kilichokupoteza ni huo wastani, kwa kuwa hakuna kundi linalokwenda kwa wastani. Kundi hukimbia, hupunguza, kisha hukimbia tena, na gharama ya mabadiliko hayo haigawanywi sawa. Mtu wa mbele akifika kwenye kona kali hupunguza mwendo kidogo, huipita, kisha huongeza kasi taratibu. Anayemfuata hufunga breki zaidi kidogo, wa nyuma yake zaidi ya hapo, hata ikifika zamu ya mtu wa hamsini anakuwa karibu kusimama, ilhali wale wa mbele wameshatoka konani na wanakwenda kilomita 40 kwa saa. Huyo wa nyuma hana budi kukanyaga kwa nguvu zake zote kwa sekunde kadhaa ili asiachwe, na njia ikiwa na kona thelathini atafanya hivyo mara thelathini, wakati mwenzake wa mbele hajalazimika kufanya hivyo hata mara moja. Barua yako haisemi ulikuwa umekaa wapi ndani ya kundi, lakini ningethubutu kusema ulikuwa mkiani, kwa sababu huko ndiko wageni wengi hukimbilia wakidhani kuna usalama.

Jambo la pili ni hewa. Nguvu inayohitajika kuipasua haipandi sambamba na mwendo, bali mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu hiyo huongezeka mara nane. Kutoka kilomita 30 hadi 40 kwa saa tu, inakuwa zaidi ya maradufu. Anayekaa karibu na gurudumu la nyuma la mwenzake huokoa takriban robo hadi theluthi ya nguvu zake, na katikati ya kundi kubwa huokoa zaidi. Ndiyo sababu mwanya wa mita chache unatosha kumaliza mbio za mtu: unafunguka wakati amechoka, na papo hapo unamnyang'anya kinga iliyokuwa ikimsaidia kuendelea. Aliyekuwa akistarehe dakika moja iliyopita hujikuta amebeba upepo wote peke yake.

Kwa hiyo, katika mbio zijazo jitahidi kukaa kati ya nafasi ya kumi na ya ishirini. Panda mbele pale ambapo ni rahisi, yaani barabara inapokuwa pana na kundi limepunguza mwendo, wala usisubiri hadi kona au mlima uonekane, kwani hapo kila mtu anaitaka nafasi hiyohiyo. Mlima ukianza ukiwa mbele, unaweza kupanda kwa mwendo wako na kuruhusu wachache wakupite, na bado ukafika kileleni ukiwa ndani ya kundi. Ukianza ukiwa mwisho, kila nafasi unayopoteza unaipotezea nje.

Upepo wa ubavuni una hila yake. Upepo ukivuma kutoka kushoto, kinga haiko tena nyuma ya mwenzako moja kwa moja, bali iko nyuma yake kwa upande wa kulia, hivyo waendeshaji hujipanga kwa mshazari hadi mstari wao uujaze upana wote wa barabara unaoruhusiwa. Atakayekosa nafasi katika mshazari huo hubaki ukingoni bila kinga yoyote, na kundi hukatika vipande. Hilo likitokea usikazane kuwafuata wa mbele kwa foleni ukingoni. Anzisheni mshazari wenu pamoja na waliobaki.

Mazoezi yako nayo yabadilike. Kuendesha kwa mwendo mmoja kwa saa nyingi kunajenga pumzi, lakini hakukuzoezi kukanyaga kwa nguvu kwa sekunde 20 au 30, kupumzika kidogo, kisha kurudia huku miguu ikiwa tayari imechoka. Hiyo ndiyo kazi uliyotakiwa kuifanya siku ile. Na ukiachwa tena, usikate tamaa na kuendelea peke yako: mtafute mwingine aliyeachwa, mpokezane kukata upepo. Wawili wanaoshirikiana vizuri huweza kulifikia kundi la pili, na mara nyingine hata lile la kwanza likizubaa.

SWALI: Mimi ninaogopa ukaribu. Watu wananiambia nikae sentimita chache nyuma ya tairi la mwenzangu, na kila mara naona kama tutaanguka sote. Je, hofu hii ina msingi? — Mama wa watoto wawili

JIBU: Ina msingi, dada yetu, na asiyekuwa nayo kabisa ndiye ninayemwogopa mimi. Ajali nyingi ndani ya kundi huanza kwa namna moja: gurudumu la mbele la mtu limepita kando ya gurudumu la nyuma la mwenzake, yule wa mbele anahama kidogo kukwepa shimo, na magurudumu mawili yanagusana. Wa mbele mara nyingi haanguki. Huanguka wa nyuma, kwa kuwa gurudumu lake linaloongoza baiskeli limezuiwa kugeuka. Kaa nyuma, au kaa kando kabisa ya mwenzako, lakini usiache magurudumu yapishane nusunusu.

Hakuna anayekulazimisha kukaa sentimita chache. Nusu mita, hata mita moja, bado inakupa sehemu kubwa ya faida, na umbali huo utapungua wenyewe kadiri unavyozoea. Usilikodolee macho tairi lililo mbele yako. Tazama juu ya mabega ya mtu huyo, uone kinachotokea watu watano au sita mbele. Weka vidole karibu na breki, viwiko vikiwa vimelegea, ili mtu akikugusa bega mguso huo uishie mkononi usifike kwenye usukani. Kwenye kona, funga breki kabla ya kuingia, shusha pedali ya upande wa nje na uikanyage kwa uzito wako, kisha fuata mstari wa aliye mbele yako hata kama unaona wako ungekuwa bora. Mvua ikinyesha, jihadhari na michoro ya rangi na mifuniko ya chuma barabarani.

Kuhusu kofia ngumu sina mjadala. Hata wanamichezo wa kulipwa waliikwepa kwa miaka mingi, hadi Andrei Kivilev wa Kazakhstan alipoanguka katika mbio za Paris–Nice mwezi Machi 2003 bila kofia na kufariki dunia, na mwaka huohuo UCI, chombo kinachosimamia mchezo huu duniani, kikaifanya kuwa ya lazima.

SWALI: Baiskeli yangu ina uzito wa kilo 9. Nimeona za kilo 7. Je, ninunue? — Mpanda milima

JIBU: Kanuni za UCI haziruhusu baiskeli ya mashindano iwe chini ya kilo 6.8, na wengi hudhani basi kila kilo inayokaribia hapo ni ushindi. Fanya hesabu. Ikiwa wewe na baiskeli yako mna kilo 80 kwa jumla, kupunguza kilo moja kutakuokolea kama sekunde 15 kwenye mlima mkali wa dakika 20, na kwenye tambarare karibu hutaona tofauti. Nunua matairi mazuri kwanza, usiyajaze upepo hadi yawe magumu kama jiwe, na uvae nguo zinazobana mwili ili zisipeperuke. Fedha ikibaki, tutazungumza.

SWALI: Baada ya saa mbili nguvu ziliniishia ghafla, nikatetemeka na kichwa kikawa chepesi. Nilikuwa nimekunywa maji ya kutosha. — Aliyezimika

JIBU: Maji pekee hayachomi moto wowote. Akiba ya wanga iliyomo kwenye misuli na ini hutosha kazi kali ya takriban saa moja na nusu hadi mbili, na wewe ulifika mwisho wake. Katika mbio zinazozidi muda huo unahitaji kupata gramu 60 hivi za wanga kila saa. Waliozoea hufika 90 kwa kuchanganya glukosi na fruktosi, ambazo utumbo huzipokea kwa njia tofauti. Anza kula ndani ya nusu saa ya kwanza, kabla ya kusikia njaa, kwa sababu njaa ikishafika umechelewa. Utumbo nao hufanyishwa mazoezi, kwa hiyo usijaribu siku ya mbio kitu ambacho hujakijaribu mazoezini.

SWALI: Tulichomoka wanne. Nilikuwa nimechoka, nikakaa nyuma kilomita zote za mwisho bila kukata upepo, kisha nikawapita mwishoni na kushinda. Mmoja wao ameniita mwizi. Je, nilivunja kanuni? — Mshindi asiye na raha

JIBU: Hukuvunja. Kujikinga nyuma ya wenzako kunakatazwa katika mbio za mtu mmojammoja dhidi ya saa, lakini katika mbio za pamoja ndiyo sehemu kubwa ya mchezo wenyewe, na wenzako walikuwa na uwezo wa kukupunguzia mwendo, kukushambulia, au kukataa kukuvuta. Hawakufanya hivyo.

Adabu, hata hivyo, ni suala lingine. Aliyechoka kweli husema mapema, hubaki wa mwisho katika foleni, na hawachanganyi wenzake kwa kuingia kwenye zamu kisha kuacha mwanya. Ukiwa na mwenzako wa timu katika kundi linalowafukuza, kukataa kuvuta ni wajibu wako na kila mtu atakuelewa. Kama hukuwa na sababu hiyo, wala hukusema lolote, ningeona hasira ya yule bwana inaeleweka, ingawa neno alilotumia limezidi. Mtafute, mweleze ulivyokuwa umechoka, na mkichomoka tena pamoja chukua zamu za kwanza wewe.