Ukakasi wa chai ya Mufindi: somo la zabibu kwa mhudumu mpya

Wiki yangu ya pili kazini hapa Iringa mjini, mgeni mmoja aliyekuwa safarini kwenda Ruaha aliagiza samaki wa Mtera na glasi ya "sovinyoni". Nikaenda kaunta, nikaona neno Sauvignon kwenye chupa, nikaibeba hadi mezani na kuifungua mbele yake kwa madaha yote. Ikamiminika nyekundu. Yule baba alitazama glasi, akanitazama mimi, akacheka kwa upole. Yeye alitaka Sauvignon Blanc, waini nyeupe. Mimi nilikuwa nimemfungulia Cabernet Sauvignon. Chupa nzima ilikatwa kwenye mshahara wangu, na msimamizi wangu wa wakati ule hakunieleza tofauti ya hizo mbili. Alinieleza bei.

Kwa hiyo haya nawaandikia wadogo zangu mnaoingia kazi ya mezani mwaka huu, iwe Iringa, Mafinga, Njombe au Mbeya, mkakabidhiwa menyu yenye majina ya Kifaransa bila mtu wa kuwaelekeza.

Majina yaache kwanza. Anza na chai.

Chemsha majani mengi ya chai ya Mufindi, yaache dakika kumi, kisha onja bila sukari. Ulimi unakauka na fizi zinakaza kama umeng'ata ndizi mbichi. Huo ni ukakasi, na unaletwa na kitu kiitwacho tanini. Tanini hushikamana na protini zilizo kwenye mate, mate yanapoteza utelezi, mdomo unahisi umekauka ingawa ndiyo kwanza umekunywa. Sasa mimina chai hiyohiyo kwenye kikombe cha pili na utie maziwa. Ukakasi unapungua, maana tanini imepata protini za maziwa, mate yako imeyaacha. Kikombe cha tatu kamulia limau. Hapo mate yanakuja yenyewe pembeni mwa ulimi. Huo ni uchachu. Ukakasi unakausha mate, uchachu unayaita. Mimi nilikaa karibu mwaka mzima nikiviita vyote viwili "kali", na wageni walikuwa wananishangaa.

Zoezi hili linamfaa hata asiyekunywa pombe, na katika kazi yetu mko wengi. Dada mmoja niliyefanya naye kazi Mbeya hakuwahi kumeza tone, lakini alikuwa ananusa glasi na kumshauri mgeni vizuri kuliko sisi tuliokuwa tunamalizia mabaki jikoni. Kuonja na kutema ni jambo la kawaida katika kazi hii, hata kwa wanaokunywa.

Ukitoka kwenye chai, chukua punje ya zabibu nyekundu na uikamue. Maji yake karibu hayana rangi. Kwa zabibu zilizo nyingi, wekundu uko kwenye ganda, na sehemu kubwa ya tanini iko kwenye ganda na mbegu. Waini nyekundu huchachuka pamoja na maganda yake, ndiyo maana ina ukakasi. Nyeupe hukamuliwa kwanza na maganda yakawekwa pembeni, ndiyo maana uchachu wake ndio unaosikika zaidi. Ukishalijua hilo hutashangaa kusikia kwamba sehemu kubwa ya Champagne, ambayo ni nyeupe, hutoka kwenye zabibu nyeusi za Pinot Noir na Meunier.

Sasa turudi kwenye aibu yangu. Cabernet Sauvignon na Sauvignon Blanc ni ndugu wa damu. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis walitangaza matokeo ya vipimo vya vinasaba: Cabernet Sauvignon ni mtoto wa Cabernet Franc, zabibu nyeusi, na Sauvignon Blanc, zabibu nyeupe. Kwa hiyo nilimletea mgeni mtoto badala ya mzazi. Udugu wenyewe unanukia: zote mbili zinaweza kutoa harufu ya pilipili hoho mbichi, hasa zabibu zikivunwa kabla ya kuiva sawasawa. Baada ya hapo zinaachana. Sauvignon Blanc ni limau, pasheni na majani yaliyokatwa sasa hivi, uchachu mkali, ukakasi karibu hakuna. Cabernet ni zambarau iliyoiva na ukakasi wa chai uliyoisahau jikoni.

Ndiyo maana Cabernet inakwenda na nyama yenye mafuta. Ni hadithi ileile ya chai na maziwa: tanini inashughulika na protini na mafuta ya nyama, mdomo unapata nafuu. Mgeni akiagiza mbuzi choma na Cabernet, mwache. Akiagiza samaki na Cabernet, usimbishie, ila unaweza kutaja kwa adabu kwamba kuna nyeupe iliyo baridi.

Merlot ni laini kuliko Cabernet, na mgeni asiyejua anataka nini mara nyingi atatulia nayo. Ina kisa chake lakini. Kwa miaka mingi Wachile waliuza waini wakiiita Merlot, hadi mwaka 1994 Mfaransa Jean-Michel Boursiquot alipotazama mizabibu yao na kusema mingi ni Carmenère, zabibu ya Bordeaux, Ufaransa, ambayo watu walidhani imekwisha. Wataalamu wenyewe walidanganyika shambani, na wewe usijilaumu sana ukichanganya glasi mbili kaunta.

Syrah na Shiraz ni zabibu moja. Wafaransa wanasema Syrah, Waaustralia wanasema Shiraz, na Afrika Kusini utakuta yote mawili. Inanukia pilipili manga. Malbec asili yake ni Ufaransa, lakini Argentina ndiyo iliyoipa umaarufu. Pinot Noir ni nyepesi, ukakasi kidogo, na mara nyingi ghali. Basi, hizo zinatosha.

Kwenye Pinotage nitakaa kidogo, kwa sababu ni ya bara letu na kwa sababu chupa nyingi za rafu zetu zinatoka Afrika Kusini. Mwaka 1925 huko Stellenbosch, profesa Abraham Izak Perold alichavusha Pinot Noir kwa Cinsaut. Cinsaut wakati huo kule waliiita Hermitage, ndipo jina likaunganishwa. Alipata mbegu nne tu, akazipanda kwenye bustani ya nyumba aliyokuwa anaishi chuoni, kisha akaacha kazi mwaka 1927 na kuhama. Bustani ikaota magugu. Walipokuja kuisafisha, mhadhiri kijana Charlie Niehaus, aliyekuwa anaijua ile miche, akawahi kuiokoa. Chupa ya kwanza kuandikwa Pinotage ilitoka mwaka 1961. Ladha yake haifichiki: matunda meusi, moshi, wakati mwingine kahawa au ndizi mbivu. Ikitengenezwa vibaya inanuka mpira ulioungua, na mgeni akikwambia hivyo hakutukani. Hiki kisa nimewasimulia wageni zaidi ya mara hamsini, na kimeuza chupa kuliko maelezo yoyote ya ladha niliyowahi kukariri.

Upande wa nyeupe, aliyekulia Iringa ana faida ambayo hajijui kuwa nayo. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ukigemwa leo ni mtogwa, mtamu, hata bibi anakunywa. Uache siku mbili tatu unakuwa mkangafu. Utamu umekwenda wapi? Chachu imekula sukari na kuigeuza kilevi. Waini ni hivyohivyo. Mgeni akisema anataka "drai", yaani waini kavu, anamaanisha ile ambayo sukari yake karibu yote imeliwa. Haimaanishi ukakasi, haimaanishi ukali, na wala haimaanishi isiyo baridi, kama kijana mmoja wetu alivyoelewa, akaenda kutoa chupa kwenye friji na kuipanga juani.

Chenin Blanc ndiyo zabibu ya kufundishia hilo. Inatoka bonde la Loire, Ufaransa, lakini huko Afrika Kusini ndiyo inayopandwa kuliko zote, na zamani waliiita Steen. Inakubali kuwa kavu kabisa, inakubali kuwa tamu, na katikati. Kwa hiyo mgeni akisema tu "Chenin", bado hujamaliza kazi, soma chupa. Ikiandikwa Natural Sweet, ya Afrika Kusini, ina zaidi ya gramu 20 za sukari kwa lita. Chardonnay yenyewe haina harufu kubwa, inachukua tabia ya aliyeitengeneza: ikikaa kwenye pipa la mwaloni inaleta vanila, isipokaa ni tofaa la kijani. Riesling ina uchachu mwingi na mara nyingi huachiwa utamu kidogo, inamfaa aliyejimiminia pilipili kwenye kuku. Usimpe huyo waini yenye kilevi kikubwa, pilipili itazidi kuwaka.

Chupa za Ulaya zitakusumbua, maana nyingi zimeandikwa mahali, zabibu hazitajwi. Chablis ni Chardonnay. Sancerre nyeupe ni Sauvignon Blanc. Chianti ni Sangiovese kwa sehemu kubwa. Bordeaux nyekundu ni mchanganyiko, hasa Merlot na Cabernet. Andika haya nyuma ya daftari lako la oda. Na hata ile iliyoandikwa jina la zabibu moja, Afrika Kusini na Umoja wa Ulaya wanataka zabibu hiyo ifike angalau asilimia 85. Zinazobaki zinaweza kuwa nyingine.

Kisha kuna swali ambalo lazima utaulizwa: "Mna ya hapa nyumbani?" Tunayo, na haiko mbali. Ukitoka Iringa kwa barabara ya Mtera unafika Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka kwa sababu hakuna majira ya baridi kali ya kuilaza. Zabibu inayojulikana zaidi kule imepewa jina la Makutupora, kilipo kituo cha utafiti wa zabibu, na wapo wanaopanda Chenin Blanc na Syrah. Usiiombee radhi. Nimeona wahudumu wakisema "ni ya kienyeji tu" kwa sauti ya kuomba msamaha, mgeni anaagiza bia. Mwambie inatoka wapi na kama ni kavu au tamu. Nilipokuwa Mbeya, wasafiri wa kwenda Tunduma walitaka nyekundu tamu karibu kila usiku, na anayependa tamu hajakosea kitu.

Kuhusu joto: usemi wa kunywa waini nyekundu kwa joto la chumba ulitoka kwenye nyumba za Ulaya zenye baridi, kama nyuzi 16 hadi 18. Mwezi wa saba Iringa, chumba kisichopigwa na jua kinakaribia hapo. Kwenye joto la kambi za Ruaha au ukishuka Pawaga, iweke kwenye friji dakika ishirini kabla ya kuipeleka mezani, na anayekushangaa mwache ashangae.

Ukiwa mezani, uliza maswali mawili tu. Unapenda tamu au kavu? Ile inayokausha ulimi kama chai ya rangi unaipenda au inakuudhi? Majibu yakija, jina la zabibu utalipata mwenyewe. Halafu, kabla hujagusa kizibo, mwonyeshe chupa, soma jina lote kwa sauti hadi neno la mwisho, na usubiri aitikie kwa kichwa. Blanc ni nyeupe. Mimi somo hilo nililipia chupa nzima.