Unatumia i3? Anza na xprop kabla hujaandika sheria yoyote

Watu wengi naona wanaikimbia i3 (programu ya Linux inayopanga madirisha yenyewe kwenye skrini) kwa sababu moja tu, kila dirisha linataka kipande cha skrini, unafungua pavucontrol upunguze sauti mara moja tu, inakuja inakula nusu ya skrini na kazi yako inabanwa pembeni. Jamani hilo linatibika kwa mstari mmoja tu wa sheria, unaofanya dirisha lielee juu ya mengine.

Ila usikimbilie kukopi konfigi (faili la mipangilio) ya mtu. Fungua terminali, andika xprop, mshale wa mausi ukibadilika bonyeza dirisha unalolitaka, halafu tafuta mstari wa WM_CLASS. Utakuta majina mawili, la kwanza ndo instance, la pili ndo class, na hilo la pili ndo tunalolitaka. Angalia vizuri herufi kubwa na ndogo maana i3 inazitofautisha, na kuna programu zinabadilisha herufi toleo jipya likitoka, ndo maana mimi huwa naweka (?i) mbele, hapo herufi hazina shida tena:

for_window [class="(?i)^pavucontrol$"] floating enable, resize set 700 450, move position center

Hizo ^ na $ usiziache, bila hizo sheria inakamata jina lolote lenye neno hilo ndani yake.

Kutumia title (kichwa cha dirisha) badala ya class sikushauri kabisa, hasa kwa brauza. Title inabadilika kila ukifungua ukurasa na i3 inaikagua upya kila ikibadilika, kwa hiyo unaweza ukawa unasoma zako tu, ukafungua ukurasa wenye neno lile, dirisha zima likaanza kuelea.

Kuna assign pia, hii ni ya kupeleka programu kwenye deskitopu yake (workspace), mfano imeili ikae namba 3. Naipenda kwa sababu dirisha linaenda kwake lenyewe, wewe unabaki ulipo unaendelea na kazi. Ikigoma, mara nyingi ni programu imechelewa kutaja class yake, dirisha limeshafunguka ndo jina linakuja, basi hapo tumia for_window yenye move to workspace 3, itafanya kazi.

Madirisha madogo ya kuuliza "hifadhi au futa" usiyaandikie sheria, yakijitambulisha kama dialog i3 inayafanya yaelee yenyewe.

Ukimaliza kuandika, endesha i3 -C ikuonyeshe kama kuna kosa kwenye faili, kisha reload (i3 isome faili upya), halafu FUNGA dirisha ulifungue upya, sababu lile lililokuwa wazi tangu mwanzo halikupi jibu la kweli.

Na kama uko Sway (ndugu yake i3 inayotumia Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha badala ya X11), programu za Wayland hazina class, zina app_id, utaiona kwa swaymsg -t get_tree. Zile za zamani za X11 zinazopita XWayland (daraja lake ndani ya Wayland) ndo bado unaziandikia class kama kawaida.